Kabla hatujanunua Coaster, tupime njia

Ndugu zangu wana wa wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma, tulioko nje ya nchi, mchango wa kununua Coaster, basi dogo la wanafunzi wa nyumbani, umeanza vizuri na sitaki kuuvunja. Aliyeleta wazo anaishi England kama mimi. Kila asubuhi anaona basi likizunguka mashambani kukusanya watoto, jioni linawarudisha, na mzazi halipi kitu. Akauliza kwa nini kwetu isiwezekane. Swali hilo ni la haki kabisa. Ila basi lile ni tawi tu, mzizi wake ni kilomita zilizoandikwa kwenye sheria, na mzizi huo ndio ningependa tuuchukue kwanza.

Sheria ya England (Wales na Scotland wana zao) inasema hivi: mtoto wa chini ya miaka 8 akikaa zaidi ya maili 2, yaani kama kilomita 3.2, kutoka shule ya karibu inayomfaa, halmashauri lazima imsafirishe bure. Kuanzia miaka 8 hadi 16 umbali unapanda kuwa maili 3, kama kilomita 4.8. Familia za kipato cha chini zimelegezewa kidogo. Mtoto ambaye hawezi kutembea kwa ulemavu au ugonjwa haulizwi maili. Vipimo hivyo vya maili 2 na 3 vilikuwemo tayari kwenye sheria ya elimu ya 1944, na sheria ya 1996 inayotumika leo ikaviendeleza. Kwa hiyo mzazi wa huku haendi ofisini kuomba huruma. Anakwenda na umbali wake mkononi, na afisa analazimika kumjibu.

Lakini msidhani kila mtoto anapanda. Ukichagua shule ya mbali na kuiacha ya karibu yenye nafasi, nauli ni yako. Mtoto akivuka miaka 16 haki hiyo inakoma, wakati sheria hiyohiyo ya nchi inamtaka aendelee na masomo au mafunzo mpaka 18. Na kipimo chenyewe kina ukali wake. Jirani yangu, mama anayefanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, alimwombea basi binti yake wa miaka 11. Majibu yalikuja na ramani: mstari mwekundu kutoka geti lake hadi geti la shule, umekata katikati ya mashamba kwa njia ya miguu. Maili 2.9. Hapati. Njia hiyo nimeipita. Novemba ni tope la kufunika kifundo cha mguu, na saa kumi na moja jioni ni giza totoro.

Alikata rufaa kwamba njia si salama, kwa sababu sheria inaruhusu: njia ikiwa ya hatari, mtoto anasafirishwa hata kama umbali haujatimia. Akashindwa. Usalama huku unapimwa kwa mtoto anayetembea akisindikizwa na mtu mzima inapobidi. Mwaka 1986 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule, iliamua hivyo katika kesi iliyotoka Essex: njia inahesabika inapitika kama mtoto anaweza kuipita salama akiwa na msindikizaji. Nani wa kumsindikiza, wakati mama anatoka kazini saa mbili asubuhi? Kwangu mimi hapo sheria imemwonea mzazi wa kazi za usiku, na kipengele hicho tusikiige.

Sasa turudi nyumbani. Elimu bila malipo iliyoanza 2016 iliondoa ada, kilomita zikabaki palepale. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu mpango wa mwaka 2004 zilisogeza sekondari karibu, na tushukuru, maana wengi wetu tumepitia humo. Lakini kata zetu ni pana, na sisi ni watu wa ng'ombe na mashamba ya uwele. Operesheni Dodoma ya 1971 ilitukusanya vijijini ili tuwe karibu na shule, zahanati na maji, ila familia nyingi hazikuacha kufuata malisho. Ndiyo maana kuna mtoto wa kitongoji cha mwisho anayeamka saa kumi alfajiri, viatu mkononi visiishe soli, dumu la maji la lita tano kichwani kwa sababu shuleni hakuna bomba. Binti akichoka, anasimamishiwa pikipiki na bodaboda anayempa lifti, na kila mzazi anajua lifti hiyo inakuja kudaiwa vipi. Wenye uwezo kidogo wanampangia mtoto chumba karibu na shule. Mtoto wa miaka 14 anajipikia, anajifungia mlango mwenyewe, hana mtu mzima wa kumuuliza alikuwa wapi.

Coaster itamfikia nani kati ya hawa? Itapita kwenye lami ya Dodoma na Singida, kwa watoto ambao angalau wanaweza kudandia Noah, zile gari ndogo za abiria. Njia ya kitongoji cha mwisho ni ya ng'ombe. Kifuku, yaani msimu wa mvua, kikianza Desemba makorongo yanashusha maji, na shule zinafunguliwa Januari, maji yakiwa yamejaa. Hapo gari limelala, na dereva, matairi, bima na kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vinaendelea kudai pesa.

Ninachoomba ni hiki. Mwalimu mkuu atoe orodha ya wanafunzi kwa vitongoji, na wenyeviti wa vitongoji watembee na simu njia ileile anayopita mtoto, waandike kilomita na kila korongo. Walio mbali sana tuwajengee hosteli yenye matroni. Wadogo wa darasa la kwanza na la pili tuwaombee shule shikizi, yaani tawi dogo la shule karibu na kwao. Penye korongo moja tu linalozuia, daraja la miguu linatosha. Baada ya hapo, kama bado kuna watoto ambao gari linawafaa, tununue gari.

Na orodha hiyo ifike kwa madiwani. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Waandike ni kilomita ngapi mtoto anahesabika yuko mbali, na akishahesabika hivyo anastahili nini. Korongo lenye maji lihesabiwe kuwa njia imefungwa, awe na msindikizaji au hana, maana mama zetu alfajiri wako shambani.

Mchango wangu nimeshautuma kwa mweka hazina. Naomba sehemu yake iwe posho ya wapimaji, na upimaji ufanyike Januari, tusingoje Agosti korongo likiwa mchanga mtupu.