Kumbukumbu ya Mradi: Mistari ya Skrini Imerudi

Jioni ya leo nimemaliza kazi iliyonisumbua kuliko zote tangu nianze kuitengeneza Game Boy yangu, mashine ya mkononi ya michezo ya video, ile ya kijivu ya toleo la kwanza ambalo Nintendo ililitoa Japani mwaka 1989. Skrini ilikuwa imepoteza mistari mitatu ya wima, ugonjwa unaofahamika sana katika mashine hizi: utepe mwembamba wa nyaya ulio chini ya kioo hubanduka kadiri miaka inavyopita, na kila njia inayoachia huzima safu nzima ya nukta. Tiba yake ni joto. Niliiwasha mashine, nikapitisha chuma cha solda chenye moto mdogo taratibu juu ya utepe, na mstari wa kwanza ukarudi, kisha wa pili. Wa tatu ulirudi, ukapotea, ukatulia nilipopita mara ya nne.

Wiki iliyopita ilikuwa ya usafi. Betri zilikuwa zimevuja, nikauondoa ukoko wake kwa pamba iliyochovywa katika siki, kisha nikasugua kwa spiriti pini za katriji, kile kikasha cha mchezo kinachochomekwa kwenye mashine. Kabla ya hapo, kila nilipoiwasha, kilichoshuka kutoka juu ya skrini kilikuwa pande jeusi badala ya jina la Nintendo. Jina hilo husomwa kutoka ndani ya katriji yenyewe, mashine ikalilinganisha na nakala yake, na yasipofanana mchezo hauanzi. Nilipoliona likishuka safi, herufi kwa herufi, niliizima na kuiwasha tena ili nilitazame upya.

Nilikuwa nimepanga kuweka taa nyuma ya skrini, lakini nimeghairi. Gunpei Yokoi, aliyeongoza uundaji wa Game Boy, aliamini katika kuitumia kwa namna mpya teknolojia iliyokwisha kukomaa na kushuka bei. Skrini hii isiyo na taa, yenye nukta 160 kwa 144 na vivuli vinne tu, ndiyo iliyowezesha betri nne kudumu kwa saa nyingi, ilhali Game Gear, mashine shindani ya kampuni ya Sega, pamoja na rangi na taa yake, ilimaliza betri sita kwa saa chache. Nikiweka taa nitakuwa nimeufuta uamuzi ninaouheshimu kuliko wowote ndani ya mashine hii, kwa hiyo nitachezea karibu na dirisha.

Limebaki gurudumu la sauti, ambalo hukwaruza kila linapozungushwa, nitalisafisha Jumamosi.