Hatujawasha kamera na tushapanga nani mbaya

Klabu ya drama inaandaa mchezo wa kuimba kuhusu ule mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, na hawa wangu wa klabu ya filamu wameamua watawafuata wenzao toka mazoezi ya mwanzo mpaka siku ya shoo. Wataka iwe kama vile vipindi vya riyaliti, watu wanazozana wanapatana wanalia, na kila mmoja kwa wakati wake anakaa kitini peke yake mbele ya kamera aseme yaliyo moyoni. Mimi ndo mlezi wa klabu bas nimeletewa mpango niupitie, Ijumaa tukutane.

Nimeupenda, wallahi. Wameandika nani atashika simu gani, nani atakaa na rekoda, hata nani atanunua maji. Lakini ukurasa wa pili kuna orodha ya majina na mbele ya kila jina wameandika yule mtoto atakua nani ndani ya filamu: staa, mchekeshaji, mwenye wivu, mgomvi. Yani kamera haijawashwa na mtu ashapewa ubaya wake.

Najua wametoa wapi. Hii mambo ya kumkalisha mtu aongee na kamera pekee yake ilienea sana tangu Big Brother ianze kule Uholanzi 1999, na huku kwetu Project Fame ilipokuja 2006 nyumba nzima ilikua inakaa chini kuangalia vijana wakijifunza kuimba, na kila mtu ana wake anayempenda na wake asiyempenda. Asiyempenda huyo hajawahi kukutana naye hata siku moja! Siku nzima ya mtu inakatwa inabaki dakika chache, na anayekata ndo anaamua wewe ni nani. Sura uliyokunja Jumatatu kwa sababu ya jua inabandikwa juu ya wimbo wa mwenzako wa Alhamisi, na hapo ushakua hasidi, na hakuna neno hata moja la uongo ulilotamka.

Aliyeandikiwa "mgomvi" ni msichana wa kidato cha tatu. Kweli anasimamisha mazoezi, anasimamisha sana, lakini nimekaa nikamsikiliza na mara nyingi anachosema ni kwamba ngoma imekimbia na kwaya imebaki nyuma, na akisema hivo huwa ni kweli. Yule ana sikio. Sasa mchukue mtoto kama huyu umkate ubakishe zile sekunde anapaza sauti tu, ukiitoa asubuhi TikTok, jioni iko kwa magrupu ya WhatsApp toka Changamwe mpaka Bamburi, na mamake anaonyeshwa sokoni na mtu anayecheka. Mji huu twajuana. Huyo mtoto ataolewa, ataomba kazi, na hiyo klipu bado iko.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mchezo wenyewe hauna staa! Mgomo ule walisimama watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli, wapishi na madobi wa majumba ya Wazungu, maelfu kwa maelfu, wakikusanyika kwa ule uwanja wa mpira wakauita Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, yule kiongozi wa wafanyakazi, yumo na wimbo wake upo, mpaka alivyokamatwa Agosti mwaka huo huo akapelekwa kizuizini Kabarnet, lakini wimbo unaonisimamisha nywele ni ule wa kiwanjani ambao hakuna anayeimba peke yake, sauti zinaingia moja moja mpaka ukumbi unajaa. Filamu ya mchezo huu ingekua inawatafuta watu kama hao. Kuna kijana wa taa ambaye hata kwenye orodha hayumo. Kuna aliyeikosa nafasi ya Kibachia na sasa kila jioni anamfundisha maneno yule aliyeipata, mbona yeye wameandika "mwenye wivu", kwani wamemuuliza?

Kwa hivo kiti kibaki, napenda kile kiti, mtoto anaweza kusema pale kitu ambacho hawezi kusema mbele ya wenzake. Ila sura ya mtu isiunganishwe na kitu ambacho hakukijibu. Na kabla filamu haijafungwa kila mmoja aonyeshwe vipande vyake mwenyewe, akisema hichi kitoeni, kinatoka, hata kama ndo kizuri kuliko vyote. Wataguna, najua.

Barua za wazazi nimeziandika kwa Kiswahili ili zisomwe nyumbani kweli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka mzazi au mlezi akubali kwanza kwa mtoto, lakini hata isingekuwepo ningeziandika. Kuna nyanya mmoja Likoni nimempelekea mwenyewe, akaniuliza, "Mwalimu, na hii itaonyeshwa wapi, na itakaa mpaka lini?" Swali hilo ndo tutaliweka juu kabisa kwenye barua ya kila mtu na tulijibu wazi.

Ya mitambo hayana shida sana. Taa za ukumbi zinacheza na kutoa mistari kwenye video kwa sababu stima yetu ni ya hezi 50, bas simu ziwekwe fremu 25 kwa sekunde na shata (ule muda wa kila picha) 1/50 ya sekunde, ile mistari inapotea. Mafeni yazimwe wakati wa mahojiano, joto tutavumilia, na tusipange mahojiano saa ya adhana. Maiki ya kubana kwenye nguo isiguse leso. Na mvua ikipiga mabati ni kusubiri tu.

Ijumaa nawarudishia ule ukurasa wa pili ukiwa na majina matupu, na jina la kijana wa taa nimeliongeza. Halafu kabla hawajamfuata mtu yeyote wa drama, watakaa wao kwa kile kiti, kila mmoja dakika tano, na mwenzake amkate zibaki sekunde 30 tuangalie wote pamoja.