Tangi la maji chumvi: samaki walikuwa wakihema, kumbe ni maji ya kujazia

Tangi langu la samaki la lita 80 lilikuwa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Nikaligeuza la bahari: mchanga mpya, mawe ya matumbawe makavu, maji niliyochota ufukweni Nyali, Mombasa, bahari ikiwa imejaa. Nikangoja wiki tano, hadi amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu tangini, zikasoma sufuri, ndipo nikatia samaki wawili.

Wiki ya tatu wakaanza kuhema mbio na kujibanza kona. Nikaosha sponji ya kuchuja maji, wapi. Nikaongeza pampu ya hewa, wapi. Nikapima amonia tena, sufuri.

Jirani akaniazima haidromita, kipimo cha uzito wa maji: chumvi ikizidi, namba hupanda juu ya 1.000 ya maji baridi. Ikasoma 1.033! Maji ya bahari ni kama 1.025, yaani gramu 35 za chumvi kwa lita. Kwa joto la huku, na feni niliyoelekeza juu ya tangi, lita nzima ilikuwa ikikauka kila siku, nami najazia kwa maji ya bahari. Chumvi haikauki, jamani! Inabaki palepale, nami naiongezea nyingine.

Nilichofanya: kila asubuhi nilitoa lita tano za tangini, nikarudisha tano za maji baridi, polepole, kwa siku nne. Maji ya mfereji nayalaza usiku kucha na pampu ya hewa, klorini itoke. Ya kisima sigusi, yetu yana chumvi yake.

Sasa kioo kina mstari wa kalamu ya wino mzito. Maji yakishuka chini yake, najazia maji baridi tu. Jana ilisoma 1.025, na wale wawili wakanigombania chakula mkononi.