Tumbo lilivyonitulia kwenye mbio ndefu

Wanaokimbia Chake kwenda Wete wanavijua vile vilima, unapanda unashuka unapanda tena. Mie miguu ilikuwa haina neno, shida tumbo. Nikishavuka saa moja na kitu linaanza kunguruma, mara linakata, mara natafuta msala wa msikiti ulio karibu, alhamdulillah Pemba misikiti haikosi njiani.

Nilikuwa nakunywa vidonge vya magnesiamu asubuhi kabla ya kutoka, ili kuzuia misuli kukaza. Dada wa duka la dawa akanigeuzia kopo, "kaka soma hapa, magnesiamu ya oksaidi hii, mwili unainyonya kidogo tu, inayobaki inavuta maji utumboni, wengine tunawapa wakifunga choo". Sasa changanya na mbio, damu yote inakimbilia miguuni na kwenye ngozi, tumbo linaachiwa kidogo tu, yanayofuata unayajua. Nikahamia glaisineti, magnesiamu ya aina nyingine, nakunywa usiku nikishakula, na asubuhi ya mbio ndefu sigusi kidonge. Kusema kweli hata hiyo habari ya magnesiamu kuzuia misuli kukaza kwa wanamichezo ushahidi wake mdogo, naendelea tu kwa kuwa kopo nishalinunua hahaha.

Kwenye kurudisha chumvi inayotoka na jasho watu watakwambia dafu dafu dafu. Dafu nalipenda lakini potasiamu ndo nyingi humo, sodiamu, ile ya chumvi ya kula, kidogo, na jasho linaondoka na sodiamu zaidi. Kwa hiyo nabeba ORS, unga wa chumvi na sukari wa kutia majini, zile zile za watoto wanaoharisha, pakiti ya lita moja naitia kwenye lita moja kweli, wale wanaopunguza maji eti iwe kali wanajitafutia balaa, ikiwa nzito inavuta maji utumboni na unarudi kule kule msalani. Sukari ya mule si ya utamu tu, glukosi na sodiamu zinaingia pamoja kwenye ukuta wa utumbo na maji yanafuata nyuma. Nakunywa funda mbili tatu kila baada ya muda, sigidi chupa. Na usiku wa kabla maharage hapana, wali na samaki basi.

Vidonge vya chuma nilianza baada ya kupima ferritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ikaonekana iko chini, usianze bila kupima maana chuma kikizidi mwilini nacho ni maradhi. Kila siku kilinifunga choo vibaya, daktari akasema niruke siku, kwa sababu ukimeza leo ini linapandisha homoni ya hepsidini, inayozuia chuma kuingia mwilini, na kesho kinaingia kidogo, kingine kinabaki kulisumbua tumbo. Baada ya mbio ndefu pia homoni hiyo inapanda kwa masaa kadhaa. Basi nameza asubuhi ya siku nisiyokimbia, na chungwa, chai ya rangi naiweka mbali nacho kabisa maana inazuia chuma. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ndo kazi yake, ila kikiwa kama lami kinanata na kunuka sana kapime, baadhi ya wakimbiaji wa masafa marefu huwa wanavuja damu tumboni bila kujijua.