Maji Saba

Novemba 1987, nikiwa na miaka 11, nilitia udhu kwa maji ya kunywa ya watu 19 katikati ya mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa hicho na bara, upepo umekata na nchi kavu haionekani upande wowote.

Tulikuwa tunakwenda Tanga, mimi na babu yangu mzaa mama, kwenye harusi ya mjukuu wa dada yake. Jahazi liling'oa nanga Wete mara baada ya sala ya Alfajiri, limepakia magunia ya mbata, nazi zilizokaushwa, na mikungu ya ndizi, na sisi abiria juu yake. Upepo ukikubali, ile ni safari ya kutwa moja, ndiyo maana tezini, nyuma ya jahazi, kulikuwa na madumu mawili tu ya maji matamu, lita 20 kila moja. Lakini ulikuwa wakati wa tanga mbili, majira ya kupokezana pepo, kusi imechoka na kaskazi haijashika. Tulipokipa mgongo kisiwa cha Fundo, upepo ukawa unakuja na kuondoka. Kufika adhuhuri ukakata kabisa. Tanga likalegea kwenye foromali, mti unaolibeba, bahari ikalala kama mafuta. Kutia nanga hakukuwa na maana, kwa kuwa kina cha pale hakifikiwi na kamba ya jahazi lolote. Mkondo ukaanza kutuchukua taratibu kuelekea kaskazini.

Mengi ya siku hiyo nilisimuliwa baadaye. Mimi nilikuwa nimelala juu ya magunia, nimeshikwa na kichefuchefu tangu tulipotoka nje ya visiwa. Harufu ya mbata na jua vilinimaliza. Nilitapika mpaka tumboni hamkubaki kitu, kisha nikawa natapika nyongo. Babu alinifunika kikoi chake, akanilowanisha kichwa, akaniacha nilale. Adhuhuri ikanipita, Alasiri ikanipita, Magharibi na Isha pia. Watu walitia udhu na kusali mita mbili kutoka nilipolala, na mimi sikuona walichota maji wapi. Wala sikusikia nahodha alipotangaza, jua linazama, kwamba dumu moja limekwisha na la pili limefika nusu, kwa hiyo kuanzia kesho kila mtu kopo moja asubuhi na kopo moja jioni, mpaka Mungu alete upepo.

Niliamka kabla ya kupambazuka. Tumbo limetulia, kichwa chepesi. Nyota zilikuwa bado zimejaa, na jahazi lilikuwa likijizungusha polepole mahali pamoja. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba nimepitwa na sala nne. Sikuwa nimebaleghe, lakini nyumbani kwetu mtoto wa miaka 10 aliyeacha sala hakuulizwa umri wake. Nikaona aibu, hasa kwa babu, aliyekuwa amelala kwa kukaa, mgongo kwenye mlingoti, tasbihi mkononi.

Msikiti wa kijijini kwetu ulikuwa na birika kubwa la mawe na chokaa, likijazwa kutoka kisimani. Kando yake yalipangwa mawe ya kukanyagia, ili ukishaosha miguu usiikanyage tena ardhi. Tulichota kwa kata ya kifuu na kumwaga tulivyotaka, na kadiri mtu alivyomwaga ndivyo tulivyomwona mchamungu. Maalim wetu wa chuoni, yaani madrasa, alikuwa mkali mno juu ya visigino. Kila akifundisha udhu alirudia maneno ya Mtume kwa sauti ya kututisha: ole wao visigino na Moto. Mtu aliyetia udhu na kuacha kisigino kikavu, udhu wake si udhu. Mimi nililichukua neno hilo kwa uzito wote wa utoto wangu. Usiku niliwahi kuamka nikavigusa visigino vyangu kuona kama vimelowa.

Basi nikajongea tezini kwa magoti, nikalipata dumu na kopo lililofungwa kwa kamba. Nikanawa vitanga. Nikasukutua, zaidi ya mara tatu, maana mdomo ulikuwa bado mchungu kwa matapishi. Nikapandisha maji puani. Nikanuia, nikaosha uso, nikaosha mikono mpaka juu ya viwiko, wa kulia kisha wa kushoto, tatu tatu. Nikapaka kichwa, nikapaka masikio. Mguu wa kulia, katikati ya vidole, kisigino. Mguu wa kushoto, kisigino. Kopo baada ya kopo. Nilisikia maji yakishuka kati ya mbao, yakiingia ngamani, chini kabisa, kuchanganyika na maji machafu ya jahazi. Sauti hiyo naijua mpaka leo. Wakati ule niliipenda, ilinikumbusha msikiti wetu.

Nilipoinua kichwa kusema shahada, nikakutana na macho ya mwanamke mmoja. Alikuwa amekaa karibu na dumu, mtoto mchanga kwenye ziwa, kanga imemfunika mpaka kichwani. Alikuwa macho muda wote. Aliniona tangu kopo la kwanza.

Hakusema kitu.

Nimelifikiri jambo hili miaka mingi. Yeye alijua hesabu ya yale maji, na ziwa lake lilikuwa likiyahitaji kuliko mtu yeyote mle ndani. Angenyoosha mkono tu ningeacha. Lakini aliona mtoto anaamka peke yake gizani kwenda kumsalia Mola wake, na ulimi wake ukashindwa kumkataza. Nani amzuie mtoto kutia udhu? Akaniangalia mpaka nilipomaliza, akamgeuza mwanawe ziwa la pili.

Nikasali nikielekea kaskazini, ambako ndiko kibla chetu, maana Makka iko juu yetu moja kwa moja. Jahazi lilinizungusha nikiwa katika rakaa, nami nikawa najirekebisha kwa kuutazama weupe wa alfajiri uliokuwa unapanda kulia kwangu. Nilisali sala ya Alfajiri, kisha nikalipa zote nne. Nilijisikia msafi kuliko nilivyowahi kujisikia maishani.

Jua lilipotoka, nahodha akalinyanyua dumu. Akalitikisa. Akalishusha, akalinyanyua tena kama mtu asiyeuamini mkono wake.

"Nani kachukua maji usiku?"

Kimya. Nilimtazama yule mama, yeye akatazama baharini. Asingenitaja.

"Mimi," nikasema. "Nimetia udhu."

Watu wakanigeukia wote. Nilitarajia kelele, hata kofi. Nahodha alikuwa mtu wa maneno makali, jana yake nilimsikia akimtukana baharia aliyefunga kamba vibaya. Lakini alikaa kitako, akavua kofia, akajifuta uso. "Haya," akasema. "Tushukuru Mungu." Kisha akaanza kugawa, na kopo moja likawa nusu kopo. Babu alipopewa lake, hakulipeleka mdomoni. Akampa baharia, naye akalifikisha kwa mama mwenye mtoto. Zamu yangu ilipofika, babu akamzuia nahodha kwa kiganja.

"Huyu lake keshalipata."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilikaa na kiu yangu juu ya magunia ya mbata, najitazama mikono iliyooshwa tatu tatu.

Jua lilipopita utosini babu akaniita. "Labeka," nikaitika, nikamwendea. Alikuwa na ndoo ya bati yenye kamba shingoni. Akaitupa baharini, ikalala ubavu, ikazama, akaivuta imejaa. Akaiweka baina yetu.

"Nisomee maji ya tohara. Ni mangapi?"

"Saba."

"Yasome."

Maji saba, yale yafaayo kujitwaharisha, nilikuwa nayajua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Chuoni tuliyaimba kwa Kiarabu tukiyumba mbele na nyuma, ubao mapajani. Nikaanza: "Maaus samaa, wa maaul bahri, wa maaun nahri..."

"Kwa Kiswahili."

"Maji ya mbingu. Maji ya bahari. Maji ya..."

Nikanyamaza. Babu hakunisaidia. Ndoo ilikuwa mbele yangu, maji yake yakitikisika kidogo kwa mwendo wa jahazi, na mle ndani mlikuwa na jua.

"Endelea. Ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji, ya mvua ya mawe. Theluji umeiona wapi wewe?"

"Sijaiona, babu."

"Na bahari?"

Nilianza kulia. Babu akasubiri nimalize, kisha akanisimulia, kwa sauti yake ya kawaida ya jioni barazani, habari ya mtu aliyemwendea Mtume akamwambia: sisi tunapanda bahari, na tunachukua maji machache, tukiyatilia udhu tutashikwa na kiu. Je, tutie udhu kwa maji ya bahari? Akajibiwa kwamba bahari maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Miaka mingi baadaye nilipoanza kusoma Bulughul Maram, kitabu cha hadithi cha Ibn Hajar, nikaikuta hadithi hiyo ndiyo ya kwanza kabisa, mlango wa kitabu, kabla ya neno jingine lolote kuhusu ibada. Ilibidi nikifunge kitabu kwanza. Niliiona ndoo ya bati.

"Yule mtu," babu akasema, "hofu yake ilikuwa kiu. Sasa sikiliza. Maji yaliyowekwa watu wanywe hayatiliwi udhu. Hata mnyama akiwa na kiu, yeye mbele, wewe utayamamu kwa vumbi. Na usimwage. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na mudi ni hivi." Akaunganisha viganja vyake viwili, akavijaza maji ya ndoo, akanionyesha. Viganja vya mtu mzima, basi.

Nikamuuliza lililokuwa likinikaba tangu asubuhi. "Sala zangu zimeharibika?"

"Zimesihi. Udhu wako umesihi. Wala hukuandikiwa kosa, hujabaleghe." Akanyamaza kidogo. "Lakini yule mama ana kiu."

Kisha akaniamuru nitie udhu.

Sijawahi kutia udhu mgumu kama ule. Midomo ilikuwa imepasuka kwa joto na kutapika, chumvi ikaingia kila ufa. Nilipopandisha maji puani nilihisi moto mpaka kwenye paji la uso, macho yakatoa machozi juu ya machozi. Goti lilikuwa na kidonda cha kuanguka mnazini, tone likakifikia. Nilitaka kuharakisha. Babu akawa anasema "taratibu, taratibu", na mimi nikawa naosha kiungo kimoja kimoja, nikichota kwa kiganja badala ya kopo, nikilazimika kuuangalia mkono wangu kama sehemu zote zimepata. Kwa maji machache lazima uangalie. Kule msikitini nilikuwa namwaga, sikuwa naangalia. Visigino nilivipata kwa vidole vilivyolowa tu, na vililowa vyote.

Tulisali Adhuhuri na Alasiri pamoja, mbili mbili, kwa kukaa, babu akiwa imamu. Nilipotoa salamu, maji yalikuwa yamekauka mwilini na kuacha chumvi nyeupe juu ya vinyweleo vya mikono. Nikageuka kumtazama yule mama. Yeye na mtoto wake walikuwa wamelala chini ya kivuli cha tanga lililolegea, mdomo wa mtoto wazi.

Nilikwenda kumwomba radhi baada ya yeye kuamka. Nilipiga magoti, nikamwambia, "Mama, nisamehe, sikujua." Akanishika kichwa. "Umeniombea dua?" akauliza. Sikuwa nimemwombea. Nikamwambia ukweli. "Basi Magharibi uniombee," akasema, "na mwanangu." Jina la mtoto alinitajia, nami nimelihifadhi. Sitaliandika hapa, bali hutajwa katika dua zangu mpaka leo, ingawa sijui alikua akawa mtu gani.

Upepo ulirudi alasiri hiyo, kwanza mikunjo midogo juu ya maji upande wa mashariki, kisha tanga likajaa kwa mshindo mmoja na watu wakapiga takbiri. Jioni tukaiona milima ya Usambara, bluu, mbali, jua likitua nyuma yake. Nusu kopo ya jioni sikuzuiliwa. Niliinywa kwa kubakisha, nikambakishia babu, akainywa bila kusema neno. Tuliingia Tanga baada ya Isha, tukalala bandarini juu ya mikeka.

Alfajiri yake tukaenda msikiti wa karibu. Nje palikuwa na safu ya mabomba na watu wamechuchumaa, maji yanamwagika kutoka kila bomba, yanapita mferejini yakiwa safi kama yalivyotoka. Sikuwahi kuona maji mengi hivyo yakienda zake. Nikafungua la kwangu kidogo, uzi mwembamba, nikakinga kiganja. Babu alikuwa bomba la pili, miguu yake myembamba juu ya jiwe. Hakunitazama alipouliza.

"Haya maji ya ngapi?"

Nilifikiri. Bomba halimo katika saba.

"Sijui, babu."

"Ya tatu," akasema, akiosha kisigino. "Yanatoka mto Zigi."