Savei ya shamba, savei ya watu

Ukimsikia mtu mjini Kisumu akitafuta wa kumfanyia savei, muulize kwanza: ya shamba, yaani kupima ardhi, au ya watu, yaani kuwauliza maswali? Neno ni moja, kazi hazijuani. Hata mkadiriaji majenzi huitwa savea, na hapimi mpaka wowote. Yeye huhesabu mawe, saruji na pesa.

Tuanze shambani. Savea anayejua kazi huanzia ofisini. Anachukua ramani ya eneo kwa namba ya ploti, ndipo ashuke kutafuta bikoni, yaani alama za mpaka zilizozikwa ardhini, za zamani ambazo hazijaguswa, tatu zikipatikana, na kupima umbali kati ya hizo zenyewe kabla ya kuziamini. Akianzia kwenye ua wa jirani, amepima ua. Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, una mtego wake: udongo mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo bikoni iliyozikwa juujuu huinama na kusogea.

Kinacholeta kelele zaidi ni ramani zenyewe. Kwa mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya, ramani ya usajili huonyesha mpaka wa jumla, usio na vipimo kamili. Shamba likipungua mita moja, usikimbilie kusema jirani ameiba. Ugomvi wa aina hiyo hupelekwa kwanza kwa msajili wa ardhi. Savea hutoa vipimo, hatoi hukumu.

Na wanunuzi wa Nakuru, ploti ya futi hamsini kwa mia inayouzwa kama thumuni ya ekari si thumuni. Ekari ni futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Wewe umepewa 5,000. Zilizokosekana zinaingia vyumba vinne vya kumi kwa kumi, kuta kando.

Savei ya watu nayo si sensa. Sensa huhesabu kila mtu: ya 2019 ilipata watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu. Savei huchukua wachache. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, na kosa lisilozidi asilimia 5 juu au chini, watu 385 wanatosha. Kosa la asilimia 3 linadai 1,068. Kaunti ya Nakuru yenye watu 2,162,202 haidai zaidi ya hapo, jambo ambalo wengi hulikataa wakilisikia mara ya kwanza.

Lakini hesabu hiyo hukubali tu ikiwa kila mtu alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Simama sokoni Kibuye Jumapili uwaulize 385, na utakuwa umewapima waendao Kibuye Jumapili. Afadhali orodha ya nyumba. Mtaa ukiwa na nyumba 1,540, chukua kila ya nne, ukianzia namba iliyotoka kwa bahati nasibu kati ya 1 na 4. Mlango ukiwa umefungwa, karani arudi mara tatu, mojawapo jioni. Akiuruka aingie kwa jirani, atakusanya maoni ya wanaoshinda nyumbani, kosa lile lile la savea aliyeanzia kwenye ua wa jirani.

Maswali yajaribiwe kwa watu kumi au ishirini kabla ya kazi yenyewe. "Je, maji ya mtaa wako ni safi na hupatikana kila siku?" ni maswali mawili: mwenye maji machafu kila siku ajibu nini? Na kama mtaani huongewa Dholuo, mmoja atafsiri, mwingine arudishe kwa Kiswahili bila kuona swali la mwanzo. Swali la mwanzo na lililorudishwa yakipishana, swali au tafsiri yake ina kasoro.