Washa jenereta kwanza: nilivyopigwa picha ya retina kwa dawa ya njano

Nimechoka kusikia watu wenye ugonjwa wa sukari wakiambiwa wanunue miwani. Mimi ni fundi wa kushona hapa Arua, Uganda, sukari ninayo miaka mingi, na macho yangu yalipoanza kuharibika kila mtu alikuwa na tiba yake. Mwenye duka la miwani alinibadilishia lenzi, akabadilisha tena, na kila mara nikalipa. Jirani aliniletea asali ya kudondosha machoni. Shemeji, ambaye namheshimu katika mengine yote, alisema ni umri tu, nipunguze kushona usiku. Hakuna aliyeniambia nikaangaliwe nyuma ya jicho.

Tepu ya kupimia ndiyo iliyonishtua. Nikiitandaza mezani na kuitazama kwa jicho la kulia peke yake, ukingo wake ulipinda palepale ninapokazia macho. Nikihamisha macho, na kipindo kinahama. Kwa jicho la kushoto, ukingo umenyooka. Mtu akikuuzia miwani kwa tatizo la namna hiyo anakula pesa zako bure, kwa sababu lenzi hurekebisha mwanga unaoingia jichoni, na mimi kilichovimba kilikuwa retina yenyewe, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, pale katikati tunapotumia kusoma na kutunga uzi. Daktari wa macho wa hapa alinitia matone ya kupanua mboni, akachungulia, akaniambia kuna vidoa vya damu na uvimbe, niende Kampala nikafanyiwe angiografia, yaani picha za mishipa ya damu ya retina.

Hapo maneno yakaanza upya. Kwamba utadungwa rangi mshipani, itabaki mwilini, utakuwa wa njano hadi kaburini. Kwamba ni jambo jipya, wanajifunzia kwetu. Si kweli. Vijana wawili waliokuwa wakisomea udaktari Indiana, Marekani, Novotny na Alvis, walichapisha njia hii mwaka 1961, na Alvis mwenyewe ndiye aliyekubali kudungwa kwanza. Dawa inaitwa fluoresini. Ukiimulika kwa mwanga wa bluu, yenyewe inatoa mwanga wa kijani-njano, na kamera ina kichujio kinachoruhusu mwanga huo tu upite. Kwa hiyo picha inaonyesha damu inapopita na inapovuja. Njano ya ngozi huisha kwa saa chache, na mkojo huwa wa rangi ya chungwa hadi kesho yake au zaidi kidogo, figo zikiwa zinaitoa. Kunywa maji mengi, basi. Lakini kama una mzio wowote, au uliwahi kudungwa dawa hii ukapata shida, sema kabla ya sindano, usione haya, maana wachache huwashwa mwili na wachache sana hupata mshtuko mkubwa.

Safari ya basi mnaijua, Pakwach, Karuma, hadi asubuhi uko Kampala na miguu imevimba.

Mara ya kwanza ilikwenda hivi. Matone yakaingia, mboni zikapanuka hadi sikuweza kusoma hata jina langu kwenye fomu. Musawo, ndivyo tunavyomwita mganga wa hospitali, akatafuta mshipa kwenye kiwiko, akaupata. Kidevu juu ya kishikio, paji la uso limegusa mkanda, chumba giza. Akasema, "Mama, usipepese sana, tazama taa ndogo ile." Dawa ikaingia, kama mililita 5 hivi, na akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti. Dawa huchukua kama sekunde 10 hadi 15 kutoka mkononi hadi jichoni, na picha za nusu dakika ile ya mwanzo ndizo zinazoonyesha mishipa ikijaa mmoja mmoja. Alipofika nane, umeme ukakatika. Kamera kimya. Musawo akasimama gizani na sindano tupu mkononi, mimi kidevu bado kiko pale, na dawa inazunguka mwilini bila mtu wa kuiona. Mtu wa jenereta alikuwa ametoka kununua chai. Mashine ilipowaka tena, kilichobaki ni picha za mwisho: wingu linalong'aa katikati ya jicho, linaloonyesha kwamba panavuja, lakini halionyeshi tundu liko wapi wala mishipa gani imeziba.

Wakaniambia nirudi siku nyingine na nilipe yote upya. Sikuinuka kwenye benchi. Nilimwomba musawo, kwa adabu, aandike kwenye fomu yangu maneno haya tu: umeme ulikatika wakati wa picha, na agonge muhuri. Kwa karatasi ile mhasibu alikosa la kusema, nikalipia dawa peke yake mara ya pili. Laki kadhaa ziliokoka hapo. Ukienda popote kwa kipimo kinachotegemea mashine, omba maandishi hayo kabla hujatoka chumbani, kwa sababu ukishafika kwenye dirisha la malipo hakuna anayekumbuka kilichotokea.

Mara ya pili nilikula kidogo tu, kwa kuwa kichefuchefu hukupiga ghafla kisha kinapita ukivuta pumzi kwa nguvu. Nilivaa blauzi ya mikono mipana, na kabla sijaingia nililoweka mikono katika maji ya moto kiasi ili mishipa itoke vizuri, kwani dawa ikimwagika nje ya mshipa inachoma vibaya. Nilipokaa kwenye kiti nikasema, "Musawo, washa jenereta kwanza, ndipo unidunge." Alinitazama, akatoka, nikasikia jenereta inanguruma. Ndipo nikanyosha mkono.

Niliomba nionyeshwe picha zangu, na wewe uombe, ni jicho lako. Mishipa ilikuwa myeupe juu ya nyeusi, matawi kwa matawi. Katika jicho la kulia, karibu kabisa na kitovu cha kuona, kulikuwa na nukta ndogo nyeupe nyingi. Daktari akazigusa moja moja kwa kalamu: hivi ni vifuko vya mishipa iliyodhoofishwa na sukari. Dakika zilivyopita kila nukta ikapata ukungu kandokando yake, ndiyo maji yanayovuja na kuvimbisha retina. Jicho la kushoto, lile nililolisifu, pembeni lilikuwa na mabaka meusi ambako damu haifiki kabisa, na juu ya baka moja kishada cha mishipa mipya kinachovuja kwa nguvu. Kishada kile kingepasuka, ningeamka siku moja jicho limejaa damu. Na halikuwa limenisumbua hata kidogo!

Kwa hiyo kila jicho likapata tiba yake. La kulia linadungwa Avastin, dawa iliyoidhinishwa kwanza kwa saratani ya utumbo, ambayo madaktari wa macho huigawa katika dozi ndogo, ndiyo maana bei yake inavumilika. La kushoto lilipigwa leza kwenye yale mabaka meusi, ili retina yenye njaa ya damu iache kuita mishipa mipya. Leza haikurudishii macho uliyopoteza, inalinda uliyonayo, na anayekuahidi zaidi ya hapo mwogope.

Sasa juu ya cherehani nimebandika ukurasa wa daftari la hesabu, lile la miraba, na nukta nimechora katikati. Kila asubuhi nafunika jicho moja, natazama nukta, kisha la pili. Kwa jicho la kulia mistari imenyooka karibu yote, kimebaki kipindo kidogo chini ya nukta. Sindano inayofuata ni baada ya Idi, nauli nimeshaitenga, na shemeji, ambaye naye ana sukari, nimemkatia tiketi ya kiti cha pembeni yangu.